Kaye moja kwa karani, ao kila mtu na yake?

Kule Mongbwalu na Kilo, wachimbaji wengi wanajua kaye ya shimo. Mule karani anaandika nani aliingia, mifuko ngapi ilitoka, nani alikopa mchele. Siku kaye inapotea, ugomvi unaanza, juu kila mtu anakumbuka hesabu yake mwenyewe.

Watoto wetu wanaosoma informatiki hapa Bunia wako na shida ileile. Wakiwa watano kwa programu moja, huyu anabadilisha hapa, yule anafuta kule. Kesho yake programu inakataa kutembea na hakuna anayejua nani aligusa nini. Ndiyo maana kuna vyombo vya kutunza historia ya kazi. Kila badiliko linaandikwa na jina, siku na sababu, na wanaweza kurudilia kazi vile ilikuwa jana.

Wachague kipi? Kuna namna mbili, na zote mbili zinapatikana bure.

Subversion, iliyoanza mwaka 2000, ni kaye moja kwa karani. Historia yote inakaa kwa mashine moja, na bila rezo huwezi kuandika ndani. Lakini ni rahisi kujifunza.

Git ni namna ingine. Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005, wakati kundi la Linux lilinyimwa ruhusa ya kutumia BitKeeper bure. Hapa kila mmoja anabeba kaye nzima. Anaandika hata bila rezo. Rezo ikirudi, wanaunganisha. Hata kwa flashi wanaweza kupashana kazi.

Sisi tunaona kwa Bunia jibu ni Git. Umeme unakatika, mega ni bei, na usiku mmoja wa masasi unaweza kukimbiza watu mikono mitupu. Kompyuta moja ikiibwa, kazi inabaki kwa wengine.

Ila Git haiamui kesi. Wawili wakibadilisha mstari mmoja, wanapaswa kukaa chini na kupatana. Na yule asiyewapa wenzake kazi yake wiki mbili, akipoteza mashine, zile wiki mbili zimekwenda.

Basi baba, mama, mtoto akiomba pesa ya mega, muulize kwanza: kazi yenu iko kwa kompyuta ngapi? Akijibu moja, mrudishe kwa wenzake leo, mbele ya giza kuingia.