Mwanao ametoka mahabusu? Tiba ianze na familia

Mzazi anayemleta kijana wake kliniki baada ya kukamatwa mara ya pili au ya tatu huwa na swali moja: "Dokta, huyu ana nini kichwani?" Anataka kipimo, na wengine wanaomba dawa ya kumtuliza. Kijana mwenyewe ameinama tu, anachezea kamba ya kiatu.

Wiki hii nataka tulizungumzie swali hilo. Kwa wengi wa vijana hawa, jibu halipo kichwani mwao peke yake. Lipo pia kwenye nyumba wanayorudi.

Sisi tunaofanya kazi katikati ya Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Feri pale Magogoni hadi Kariakoo, tunawafahamu. Mtoto wa miaka 14 au 16 ameacha shule, asubuhi anabeba mizigo, mchana yupo kijiweni, jioni anakwapua simu. Mwaka 2015, na tena 2022, jiji lilitikiswa na makundi ya vijana waliopewa jina la 'panya road', na watu wakasema wafungwe wote. Hasira hiyo naielewa, kwani wapo waliopoteza ndugu zao. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 ahukumiwe kifungo gerezani. Kesi yake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, kama ile ya Kisutu, na asipopata dhamana hupelekwa mahabusu ya watoto, kama ile ya Upanga. Kwa hiyo, mzazi, atarudi. Atarudi kwenye chumba kilekile na mtaa uleule, na marafiki walewale wanamsubiri.

Hapo ndipo tiba ya familia inapoingia. Mtaalamu hamwiti kijana ofisini peke yake. Anakaa na kaya nzima, mara nyingi nyumbani kwao na jioni, wakati baba amerudi na mama amefunga biashara, kwa miezi mitatu hadi mitano. Kazi ya kwanza ni kupunguza lawama. Mama anasema mtoto ana kichwa kigumu, mtoto anasema nyumbani ameshaitwa mwizi, basi na awe mwizi. Wakiendelea hivyo hakuna anayemsikia mwenzake.

Kisha yanakuja maswali madogo. Saa mbili usiku, nani anajua kijana yuko wapi? Hela ya viatu vipya ilitoka wapi, na nani aliuliza? Baba akikataza jambo, bibi analiruhusu? Nyumba nyingi ninazozisikia zina tatizo hili la mwisho: baba anachapa, mama anaficha makosa, bibi anatoa hela. Kijana anajifunza haraka mlango gani wa kupitia.

Kuhusu kuchapa, najua baadhi yenu mtanikasirikia. Kipigo kikali kinachotegemea hasira za siku hiyo hakimzuii kijana, kinamsukuma kijiweni. Adhabu inayofaa ni ndogo, inajulikana mapema, na haibadiliki kwa sababu mama ana huruma leo.

Je, inafanya kazi? Aina moja ya tiba hii, inayojulikana kwa kifupi kama MST, ilianzishwa Marekani na mwanasaikolojia Scott Henggeler. Katika jimbo la Missouri ilijaribiwa kwa vijana 176 waliokuwa wamekamatwa. Baada ya takriban miaka minne, waliokamatwa tena walikuwa asilimia 26 kwa waliotibiwa na familia zao, na asilimia 71 kwa waliopewa ushauri mmoja mmoja. Nisiwadanganye, matokeo si hayo kila mahali. Uingereza, utafiti wa familia 684 uliochapishwa mwaka 2018 haukuona MST ikishinda huduma za kawaida za huko. Kwa maoni yangu, hilo halishangazi sana: huko huduma za kawaida zilikuwa tayari nyingi. Kijana wa kwetu mara nyingi hutoka mahabusu bila anayemfuatilia.

Hapa nchini wataalamu wa tiba hii ni wachache, lakini si kwamba hakuna kitu. Temeke na Mbeya zimekuwa na mpango wa kuwarekebisha watoto waliokinzana na sheria wakiwa kwenye jamii zao, chini ya ustawi wa jamii. Programu ya Furaha Teens imewakutanisha wazazi na vijana wao katika wilaya kadhaa za Tanzania, kujifunza kuzungumza na kupanga matumizi ya fedha.

Mtu wako wa kwanza ni ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Ndiye anayeandaa taarifa ya kijana kwa ajili ya mahakama, hivyo mweleze hali halisi ya nyumbani, pamoja na ulevi au ugomvi kama upo. Usifiche. Muulize pia nani atawatembelea baada ya mtoto kurudi. Na kabla hajarudi, ninyi wakubwa wa nyumba mkae bila yeye, mkubaliane mambo matatu tu: saa ya kurudi, nani anaulizwa ruhusa, na nini kitatokea akikiuka. Mtafutieni shule au fundi wa kumshika mkono wiki hiyohiyo. Mwezi mzima wa kukaa bure unatosha kumrudisha kijiweni.

Kipimo hospitalini kina nafasi yake. Kijana akisikia sauti wasizosikia wengine, akiwa anatumia dawa za kulevya, haumpiti usingizi kwa siku kadhaa, akianguka kifafa au akizungumzia kujiua, mlete mapema. Ukikwama, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, na kijana mwenyewe anaweza kupiga.