Sponji ya Periodi Imegoma Kutoka? Tulia Msupa, Hivi Ndivyo Utaitoa Bila Drama

Sodo umezoea. Tamponi umesikia. Kikombe cha hedhi labda hata uko nacho kwa kabati. Lakini kuna kitu ingine warembo wanaongea chini ya maji: sponji. Inaingia ndani, haionekani, na unaweza kuogelea ama hata kufanya mapenzi nayo bila kuchafua shuka.

Inakaa poa, sivyo? Shida ni moja: sponji nyingi hazina uzi. Tamponi unavuta kamba na mambo yanaisha. Sponji lazima uingize vidole uitafute mwenyewe, na hapo ndipo wengi hushikwa na baridi. Kama umeanza kuitumia ama unapanga, hii hapa rada yote.

Kwanza, ni sponji gani hiyo?

Kuna aina tatu, na si zote za kuamini.

Ya kwanza ni ile ya kutengenezwa kiwandani. Ni laini, imefungwa kivyake kwa pakiti, na unaitumia mara moja tu halafu unaitupa. Haioshwi irudishwe, hata kama pesa imekaza.

Ya pili ni sponji ya baharini. Hii si mmea, ni mabaki ya mnyama wa majini. Watu huipenda juu ni ya asili na inaoshwa, lakini asili haimaanishi safi. Huko Marekani, wapimaji walipata mchanga na vijidudu ndani ya sponji za aina hii, na ndio maana shirika lao la FDA haliruhusu ziuzwe kama kitu ya hedhi bila kibali. Halafu huwezi kuichemsha vizuri kama kikombe, juu maji moto sana huifanya ijikunje na kuharibika.

Ya tatu ndiyo ya mtaa: kipande cha godoro. Tuseme ukweli, kuna wasichana hapa Kenya wamewahi kukata godoro juu hakukuwa na doh ya sodo. Hakuna aibu hapo, maisha ni ngumu. Lakini usiwahi kukiingiza ndani. Godoro hubeba vumbi, jasho na kemikali, na likilowa hukatika vipande vidogo ambavyo vinabaki ndani bila wewe kujua. Kama huna kitu ingine, afadhali kitambaa safi cha pamba kwa panti, kilichofuliwa na sabuni na kuanikwa juani hadi kikauke kabisa.

Kuingiza

Osha mikono na sabuni. Kata kucha, hizo za kubandika pia ni noma hapa. Chuchumaa ama weka mguu mmoja juu ya kiti. Finya sponji iwe ndogo, isukume polepole kuelekea mgongoni, si juu moja kwa moja. Ikikaa vizuri hutaisikia. Ikiuma, itoe ujaribu tena baadaye.

Weka moja tu. Na ukishaiweka, weka alarm kwa simu. Hii si utani. Ya kiwandani isizidi saa nane, na pakiti ikisema muda mfupi zaidi, fuata pakiti. Usilale nayo kama unajua wewe ni wa kuamka saa sita mchana.

Kama uko na koili, ongea na nesi kwanza, juu vidole vinaweza kunasa nyuzi zake wakati wa kutoa. Kama umejifungua juzi, mimba imetoka, ama uko na maambukizi huko chini, achana nayo kwa sasa.

Kutoa: hatua kwa hatua

Jambo la kwanza la kujua: haiwezi kupotea. Uke si barabara ya kwenda tumboni. Mwisho wake kuna mlango wa kizazi, na kitundu chake ni kidogo sana, sponji haiwezi kupita. Iko hapo tu.

Sasa pumua. Ukiwa na wasiwasi misuli hukaza na kazi inakuwa ngumu.

Osha mikono tena. Chuchumaa chini kabisa, kama vile uko kwa choo cha shimo. Mkao huu hufupisha njia na kuisongesha sponji karibu. Kisha sukuma chini kana kwamba unaenda haja kubwa, mara kadhaa.

Ukiendelea kusukuma, ingiza kidole cha shahada na cha kati, uguse kuelekea nyuma. Ukiipata, ibane kati ya vidole viwili. Zingine ziko na kijishimo cha kuweka kidole, tumia hicho. Vuta polepole ukienda chini. Usiikwanyue kwa nguvu, itakatika. Ikikatika ama hauna uhakika imetoka yote, enda kliniki ichunguzwe.

Imekauka na inakwaruza? Maji safi kidogo kwa vidole yatasaidia. Ikikataa, pumzika dakika kumi, tembea kidogo kwa keja, jaribu tena. Mapenzi huisukuma juu zaidi, kwa hivyo baada ya mechi itoe mapema, usingoje kesho.

Vitu vya kukataa kabisa: kijiko, koleo, pini ya nywele, brashi. Utajiumiza. Na usijisafishe ndani na dawa ya kuua viini ama sabuni yenye manukato. Uke hujisafisha wenyewe.

Kama imegoma

Majaribio yameshindikana na saa nane zinakaribia? Enda kliniki leo, si wiki ijayo. Mwambie nesi hivi: "Niliweka sponji ya hedhi na siwezi kuitoa." Basi. Atatumia kifaa cha kufungua uke, aione, aitoe. Kwa kawaida ni kazi ya dakika chache, na si wewe wa kwanza kwenda na shida kama hiyo.

Wengine husahau kabisa. Ukisikia harufu mbaya isiyoisha, ute wa kahawia ama kijivu, ama maumivu chini ya kitovu, jiulize kama kuna kitu ulisahau ndani.

Hatari kubwa ni TSS, sumu ya bakteria inayoingia kwa damu. Ilijulikana sana mwaka wa 1980 Marekani, wakati wanawake wengi waliugua na tamponi za Rely zikatolewa sokoni. Ni nadra, lakini inaua na inakimbia. Dalili ni homa kali ya ghafla, kutapika ama kuhara, kizunguzungu, misuli kuuma, na ngozi kuwa nyekundu kama imechomwa na jua. Ukiona hivyo, toa sponji na ukimbie hospitali hata kama ni usiku, na uwaambie ulikuwa umevaa nini.

Na wewe chali unayesoma

Sponji ya hedhi si mpira. Haizuii HIV, haizuii magonjwa mengine ya zinaa, na haizuii mimba. Ndiyo, dem anaweza kushika mimba hata akiwa kwa periodi. Kondomu inabaki palepale. Na akikwambia anahisi kuna kitu hakiko sawa, usianze kucheka. Tafuta nauli ya kumpeleka kliniki.

Mwisho wa siku, mwili ni wako na uamuzi ni wako. Kenya iliondoa VAT kwa sodo mwaka wa 2004, na tangu 2017 sheria inasema wasichana wa shule za umma wapewe sodo bure, kwa hivyo kama mdogo wako yuko shule na hapati, aulize mwalimu. Kama unataka kitu ya kuvaa ndani na kutumia miaka, kikombe cha silikoni kinachemshwa na kina mkia wa kukusaidia kukipata. Lakini ukichagua sponji, shika haya matatu: mikono safi, alarm kwa simu, na kliniki mapema ikigoma. Sasa tumia mbogi yako hii, kuna mmoja hapo anaihitaji na anaona aibu kuuliza.