Unauza mashine za kuchomelea zisizotumia gesi? Jua haya kwanza

Wajasiriamali wenzangu, mwaka jana nilirudishiwa mashine mbili ndani ya wiki moja. Malalamiko yaleyale: "Dada, inarusha cheche tu, chuma hakishiki." Nikarudisha hela, na nauli ya mzigo nikalipa mimi. Kumbe mashine zilikuwa nzima! Mimi ndiye nilikuwa nauza kitu nisichokijua. Fundi mmoja akanikalisha chini akanieleza, na mimi nawapa.

Waya wa MIG wa kawaida ni chuma kitupu, hivyo unahitaji mtungi wa gesi ili hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka. Huu mwingine ni kama mrija, ndani una unga. Unga ukiungua unatoa gesi yake na kuacha gamba juu ya mshono. Ndiyo maana fundi wa mageti anaweza kuchomelea nje, kwenye upepo, bila mtungi.

Mweleze mteja haya kabla hajalipa:

1. Chanya na hasi. Kwa waya usiotumia gesi, tochi hufungwa kwenye hasi (−), klampu kwenye chanya (+). Kwa waya wa MIG wa kawaida ni kinyume chake. Hapa ndipo wateja wangu walipokwama.

2. Asome boksi. Sio kila waya wa unga hauhitaji gesi. E71T-GS na E71T-11 hazihitaji, ila E71T-1 inahitaji.

3. Saizi ziendane. Waya wa milimita 0.8 unataka ncha ya tochi ya 0.8. Roli iwe ya meno na isikazwe sana, waya huu unabonyea.

4. Tochi inavutwa, haisukumwi. Akimaliza, agonge gamba na kupiga brashi.

5. Moshi ni mwingi, afanyie mahali pa wazi. Na bati jembamba linatoboka haraka, usimfiche.

Siku hizi kabla mzigo haujatoka nafungua kifuniko, naangalia nyaya zimefungwaje, napiga picha na kumtumia mteja. Dakika tano tu. Tangu nianze, sijarudishiwa mashine kwa kosa lile.

Haya, na wewe: kuna bidhaa gani unaiuza lakini hujawahi kuiona ikifanya kazi? Niambie kwenye komenti.