KIFAFA SI ULOZI: USIMKIMBIE MGONJWA



Mtu anaanguka ghafula njiani. Anapiga kelele mara moja, mwili unakuwa mgumu kama ubao, kisha mikono na miguu inatikisika. Povu linatoka mdomoni. Watu wanakimbia. Kwa nini? Kwa sababu tangu utoto wamesikia kwamba mate ya mgonjwa wa kifafa yanaambukiza. Basi mgonjwa anabaki peke yake, na kama ameanguka karibu na moto wa kupikia au ndani ya maji, hakuna mkono wa kumvuta. Mara nyingi kinachomwua si kifafa chenyewe, ni moto, ni maji, na woga wetu. Kwa hiyo leo tunasema na kila nyumba ya Katoto juu ya ugonjwa huu.

Kifafa ni nini?

Ubongo unaongoza mwili kwa nguvu ndogo sana za umeme. Fundi wa umeme anajua kinachotokea waya mbili zikigusana pasipo mpango: cheche zinaruka, na mashine inakwenda ovyo. Kifafa ni kama hivyo. Kwa dakika chache umeme wa ubongo unatoka wote kwa pamoja, na mwili hauna tena kiongozi. Hakuna mdudu anayeruka kutoka kwa mgonjwa kwenda kwako. Mate yake ni mate tu.

Asili zake ni nyingi: mtoto aliyezaliwa kwa shida na kukosa hewa, malaria iliyopanda ubongoni, homa ya uti wa mgongo, pigo kubwa la kichwa. Ndiyo maana tunawaambia kila siku: vaeni kofia ya kazi! Iko pia minyoo ya nguruwe. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva, mnyoo unakaa tumboni mwake na mayai yake yanatoka chooni. Mayai hayo yakiingia katika chakula au maji kwa mikono michafu, mabuu yanayototoka humo yanaweza kufika ubongoni mwa mtu mwingine, hata asiyekula nguruwe kamwe. Basi choo, sabuni na nyama iliyoiva ni kinga ya kifafa pia. Lakini kuna wagonjwa wengi ambao asili ya ugonjwa wao haionekani.

Mganga anautambuaje?

Wengi wanadhani lazima mashine kubwa. Mashine ya kuandika umeme wa ubongo iko katika hospitali kubwa, na inasaidia. Lakini chombo cha kwanza ni macho ya yule aliyeona. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe hakumbuki kitu. Kwa hiyo usimtume peke yake dispansari. Nenda naye, ukajibu maswali haya: Ilianza namna gani? Mwili mzima ulitikisika au upande mmoja? Ilichukua dakika ngapi? Aliuma ulimi, au alijikojolea? Alikuwa na homa? Alipozinduka, alijua mahali alipo?

Mwambie mganga pia juu ya mtoto anayenyamaza ghafula na kukodoa macho kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku moja. Mwalimu anamwita mvivu, na kumbe pengine ni kifafa cha namna nyingine.

Kwa kawaida mganga anasema ni kifafa ikiwa mtu ameshikwa mara mbili au zaidi, kwa nafasi inayopita saa 24, pasipo sababu nyingine ya siku ile. Maana si kila mtikisiko ni kifafa. Degedege la mtoto mwenye homa linaweza kuwa malaria ya ubongo. Sukari ikishuka katika damu, mtu anaweza kutikisika. Mnywaji wa lutuku anayeacha pombe ghafula anaweza kushikwa vilevile. Na kama mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelegea na maneno hayatoki vizuri, fikiri kiharusi. Huyo apelekwe hospitali saa ileile, asingoje kesho.

Dawa iko

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu karibu milioni 50 wenye kifafa ulimwenguni, na linasema hadi 70 kwa mia wangeweza kuishi bila kushikwa kama wangetambuliwa na kupewa dawa vizuri. Dawa moja, fenobarbitali, inajulikana tangu mwaka 1912, na bei yake ni ndogo.

Huko Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto, wametengwa na watu kwa hofu ya kuambukizwa. Alifungua kliniki ya kifafa na kuwapa dawa. Wengi walipata nafuu, nao jamaa waliona kwa macho yao kwamba ugonjwa huu unatii dawa.

Lakini dawa ina sheria yake: ni ya kila siku. Tuchukue mfano wa baba aliyekaa miezi sita bila kuanguka. Anasema, «Nimepona», anaacha vidonge. Siku chache baadaye anashikwa mara nyingi mfululizo pasipo kuzinduka katikati. Hiyo ni hatari ya kifo. Dawa haiachwi ghafula. Mganga anaweza kufikiri kuipunguza polepole baada ya miaka miwili au zaidi bila kushikwa. Mama mwenye mimba naye asiiache. Amwone mganga mapema, kwani dawa nyingine za kifafa hazimfai mtoto aliye tumboni.

Mtu akianguka mbele yako

1. Tazama saa.
2. Ondoa moto, mawe na chuma karibu naye. Weka nguo laini chini ya kichwa.
3. Usimfunge wala kumkandamiza.
4. Usitie kijiko, mti, maji wala dawa mdomoni.
5. Mtikisiko ukiisha, mlaze ubavu ili mate yatoke. Kaa naye hata azinduke.
6. Ikipita dakika 5, au akishikwa tena kabla ya kuzinduka, au ameumia, au ni mama mwenye mimba, au ni mara yake ya kwanza: mpelekeni hospitali upesi.

Kazini na nyumbani

Mwenye kifafa anaweza kufanya kazi, kuoa, kuzaa na kusoma. Ila asipande juu, asiendeshe gari, asikae peke yake kwenye mashine zinazozunguka wala kando ya maji, mpaka mganga aseme. Mfanyakazi, usifiche ugonjwa wako: ukianguka ukiwa na usukani mkononi, hutaumia peke yako. Na wewe mwenzake, usimcheke, maana kicheko ndicho kinachomfanya afiche.

Mama, mtoto wako mwenye kifafa mrudishe shuleni. Mweleze mwalimu la kufanya akianguka. Jikoni, jenga kizuizi kati yake na moto. Na kila jioni, kabla hajalala, uliza neno moja: «Umekunywa dawa?»