Asilimia 30, na Bado Umelowa

Mtabiri wa hali ya hewa ni kama refa: hutajwa siku aliyokosea. Alisema uwezekano wa mvua ni asilimia 30, nguo zikalowa kambani, basi ni mwongo. Nimeyasikia hayo hata kwa watu wenye shahada, na ndiyo maana nazipenda kambi za hali ya hewa za watoto. Mtu akijifunza asilimia akiwa na miaka 14, ubishi wake bado haujakomaa.

Marekani wanazo. Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kilichoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya elimu ya Wamarekani weusi, kimewahi kuwapokea wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo ili wajifunze fani hii. Sababu ipo. Charles Anderson, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika hali ya hewa, aliipata mwaka 1960 tu. Waliomfuata walikuwa wachache, na kambi ni njia ya kuwatafuta wengine mapema.

Kambini watoto huvutwa kwanza na puto. Likiachiwa lina upana wa kama meta moja na nusu, limejaa haidrojeni au heliamu, na chini yake kinaning'inia kisanduku chepesi kinachopima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa na kutuma vipimo kwa redio. Hupanda kama meta 300 kwa dakika. Huko juu hewa ya kulibana hupungua, nalo huvimba hadi upana wa meta sita hivi, kisha hupasuka likiwa limevuka kilomita 30. Vituo vya dunia nzima hufuata saa ileile: saa mbili asubuhi Washington wakati wa kiangazi ndiyo saa tisa alasiri Nairobi, ambako puto hurushwa kutoka Dagoretti Corner. Bila hivyo tungekuwa na picha ya familia iliyopigwa vipande vipande, mjomba akatokea mara mbili.

Kisha kuna kisanduku cheupe chenye kuta za vibao vilivyoinama, kinachokipa kipimajoto kivuli na upepo. Alikibuni Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Scotland, baba wa mwandishi wa Kisiwa Chenye Hazina. Shuleni nilikosoma kilikuwepo. Nyigu ndio waliokitumia.

Lakini ningepewa kambi mimi, muda mwingi ningeutumia kwenye alama. Mwaka 1950 Mmarekani Glenn Brier alipendekeza njia ya kumpima mtabiri ambayo mtoto wa darasa la saba anaimudu. Andika asilimia yako kama desimali. Mvua ikinyesha, tafuta pengo kati ya namba hiyo na 1. Isiponyesha, pengo kati yake na 0. Zidisha pengo kwa lenyewe. Alama ndogo ndiyo nzuri.

Aliyesema asilimia 90 na mvua ikanyesha anapata 0.01. Ikimtoroka, 0.81, adhabu kali ya kujigamba. Aliyesema 30 akalowa anapata 0.49: ameumia, hajafedheheka, kwa sababu katika siku kumi za namna hiyo alikuwa ameahidi mvua kama mara tatu, na leo huenda ni mojawapo. Mwongo hajulikani kwa siku moja. Hujulikana kwenye daftari, pale ambapo siku zake zote za asilimia 30 zimenyesha nusu nzima.

Wiki moja ya likizo mwezi wa vuli inatosha, bila puto. Tafuta kopo lenye kuta wima, rula na daftari. Kila jioni mtoto amwage kopo, atazame mawingu na upepo, aandike asilimia ya mvua hadi kesho asubuhi, asiifute. Saa tatu asubuhi, saa ambayo hata vituo vyetu husoma mvua, apime maji yaliyomo: milimita moja ni lita moja kwa kila meta ya mraba ya shamba. Ikifika milimita moja, imenyesha. Zikitimia alama saba, wazijumlishe, wagawanye kwa saba. Atakayezidi 0.25 aambiwe kwa upole kwamba ameshindwa na mdogo wake, aliyekuwa akisema asilimia 50 kila jioni bila hata kutoka nje.