Kabla ya Kung'oa Paa la Nyasi

Kila kiangazi, mvua zikikatika na barabara zikianza kukauka, familia nyingi za Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, hurudia mjadala ule ule: paa la nyasi limechoka, je, tulitie viraka mwaka huu tena, au tuling'oe tupige mabati? Mara nyingi mfuko ndio unaoamua. Aliyeuza mpunga wake vizuri, au aliyepata chochote kwenye dhahabu ya Salamabila, hununua mabati. Aliyekosa hunoa panga akakate nyasi. Lakini mfuko peke yake ni mshauri mbovu. Paa la nyasi lina kazi mbili: kuzuia mvua, na kuchunga joto la nyumba mchana na usiku. Bati huifanya ile ya kwanza vizuri kuliko nyasi, na ya pili haliifanyi kabisa. Anayebadili paa bila kuitengea fedha kazi ya pili amenunua nusu ya paa.

Jua letu huangukia paa

Kasongo iko karibu digrii nne na nusu kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na hata mwezi wa Juni jua la adhuhuri halishuki sana. Ulaya, kuta na madirisha nayo hupokea jua jingi. Huku kwetu mzigo mkubwa huangukia paa. Adhuhuri isiyo na wingu, kila mita moja ya mraba hupokea nguvu ya karibu wati 1,000. Nyumba ya kawaida yenye paa la mita 60 za mraba ni kama imewekewa pasi 60 za umeme juu yake, zote zimewashwa. Cha kujiuliza ni kiasi gani cha moto huo kinafika kitandani.

Nyasi kavu zilizoezekwa kwa unene wa sentimita 20 hunasa hewa tuli katikati ya mabua. Hewa iliyotulia ni kizuizi kikubwa cha joto, ndiyo maana uso wa nje wa paa unaweza kuungua na jua huku upande wa ndani ukibaki karibu sawa na hewa ya kivulini. Chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko nyasi hata unene ukiwa mmoja, na hapa unene wenyewe hauna ulinganifu: sentimita 20 za nyasi dhidi ya robo ya milimita ya bati jembamba. Bati likikaa juani hufikia nyuzi 60 na kuzidi, na upande wa chini hauachwi nyuma na wa juu.

Kujihakikishia ni rahisi. Ingia nyumba ya bati isiyo na dari saa nane mchana, upande juu ya kiti, uinue kiganja karibu na bati bila kuligusa. Kiganja kitapata moto, mgongo wa mkono hautapata. Geuza mkono, na sasa mgongo ndio unaochomeka. Hiyo ni mionzi inayotoka kwenye bati lenyewe na kumpiga yeyote aliye chini. Kwa sababu hiyo mtu hutoka jasho ndani ya nyumba ya bati hata madirisha yakiwa wazi na upepo ukipita: upepo hubeba hewa ya moto, mionzi haubebi.

Usiku mambo hugeuka. Chuma chembamba chini ya mbingu safi hutupa joto lake haraka, hadi kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Alfajiri za Juni na Julai bati hutoka umande upande wa ndani, matone yakadondokea blanketi. Wanaoumia kwanza ni mtoto mchanga na mzee. Nyasi, kwa unene wake, huzuia joto la ndani lisipotee. Kwa hiyo paa letu la zamani lilikuwa kipoozeo cha Oktoba na kipashajoto cha Julai, bila waya wala mafuta.

Kuna kuta pia. Ukuta wa udongo au tofali la kuchoma wenye unene wa sentimita 25 hunywa joto mchana na kulirudisha ndani saa kadhaa baadaye. Chini ya nyasi hilo halina shida, kwani ukuta haukupata moto mwingi. Chini ya bati tupu, ukuta hushiba joto la paa, kisha hulitoa wakati watu wameshalala. Mchana unachomwa na paa, na saa za kwanza za usiku unachomwa na ukuta.

Waliotutangulia walijua mengi. Nyumba ya mstatili yenye barza, iliyoletwa bara na Waswahili wa pwani enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, ilienea Kasongo na Nyangwe kabla majeshi ya Dola Huru ya Kongo hayajauteka mji wa Kasongo mwezi Aprili 1893. Barza ni kivuli kinachouzuia ukuta usipigwe na jua la asubuhi na la jioni. Hata Wabelgiji, walipojenga nyumba zao za tofali, waliziwekea barza pana na dari za juu.

Pima kabla ya kuhukumu

Paa la nyasi linalovuja si lazima liwe limekufa. Chukua chuma chembamba, kama nondo ya milimita sita, ulichome paa mahali pengi: kileleni, katikati na kwenye ukingo. Nyasi nzima hukataa na kutoa mlio mkavu. Nyasi iliyooza hupokea chuma bila ubishi, na nondo hutoka na tope jeusi. Ikiwa uozo umekula theluthi ya juu tu, safisha tabaka hilo, uongeze nyasi mpya, na ukaze kilele, ambako kuvuja huanzia mara nyingi. Ukiona nuru imejaa paani kama nyota, au nondo inapita hadi ndani kwa urahisi, kuongeza nyasi ni kuficha maradhi.

Kisha shuka kwenye mbao. Chomeka ncha ya kisu kwenye mwamba na kwenye makombamoyo, hasa yanapoketi juu ya ukuta, maana mchwa hupandia huko. Kisu kikizama kwenye kombamoyo moja au mawili, yabadilishe. Kikizama kila mahali, paa lote linashuka, na hapo ndipo swali la mabati linapokuwa na haki ya kuulizwa.

Angalia pia mteremko. Paa la nyasi linataka kupanda karibu nusu ya upana wa nyumba, digrii 45, maji yasipate nafasi ya kukaa. Paa lililolazwa kuliko hapo litaoza mapema hata likiezekwa na fundi hodari. Ikiwa lako limezeeka miaka miwili baada ya kuezekwa, huenda kosa ni la mteremko wala si la nyasi.

Hesabu ya miaka 20

Tunalinganisha vibaya. Tunaweka bei ya mabati upande mmoja, na upande wa pili tunaandika sifuri, kwa kuwa nyasi ni za bure. Nyasi hazijawahi kuwa bure. Kuna siku za kukata kabla moto wa kiangazi haujapita porini, kubeba kichwani au kwa baisikeli, kamba, fundi, na chakula cha waliokuja kusaidia. Karibu na miji, pori linasogea mbali kila mwaka. Paa la nyasi likidumu miaka minne, miaka 20 ni kuezeka mara tano. Andika jumla hiyo yote.

Upande wa mabati pia andika yote. Bei ya dukani ni mwanzo tu. Ongeza mbao zilizonyooka, misumari yenye kofia na mpira, bati la kilele, na usafiri kutoka Bukavu, Uvira au kituo cha reli cha Samba. Kisha uongeze mstari ambao watu wengi huuruka: dari, matundu ya hewa na rangi nyeupe.

Faida za bati ni za kweli. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita 60 za mraba ni lita 600. Ukiweka mfereji na pipa, safari kadhaa za mtoni zimepungua. Moto wa jikoni au wa kijiji hauli bati kama unavyokula nyasi. Na huko Kabambare, ambako vita vimewakimbiza watu mara nyingi, familia inaweza kufungua mabati yake na kuyahamisha.

Kuhusu malaria, tusiahidiane makubwa. Utafiti uliofanyika Gambia kwenye nyumba 800, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2021, ulilinganisha nyumba za nyasi na nyumba zilizobadilishiwa paa na kuwekewa milango yenye wavu. Watoto wote walikuwa na vyandarua vyenye dawa. Ugonjwa haukupungua zaidi kwenye nyumba mpya. Kwa hiyo paa lolote utakalochagua, chandarua kibaki pale pale. Na nyumba ikiwa tanuri, ni nani atakayevumilia kulala ndani ya chandarua?

Ukiamua bati, nunua paa zima

Anza na unene. Namba za BG, zinazoonyesha unene wa bati, huenda kinyume: BG 28 ni nene, karibu milimita 0.4, BG 32 ni nyembamba, karibu milimita 0.25. Maandishi ya dukani yasikutoshe, omba mizani. Bati la mita 3 lililotokana na karatasi ya upana wa sentimita 90 linapaswa kufika kilo 8 likiwa BG 28, na kilo 5 likiwa BG 32. Likipungua hapo, namba iliyoandikwa haisemi kweli.

Mteremko usiulaze. Mafundi hupenda kuushusha ili kuokoa mbao, lakini nafasi iliyo kati ya bati na dari ndiyo inayofanya kazi ya nyasi. Toboa matundu kwenye pembetatu za ukuta pande zote mbili za nyumba, chini kidogo ya kilele, uyafunike kwa wavu wa mbu. Hewa ya moto itatoka yenyewe.

Dari haihitaji kuwa ya gharama. Matete au fito zilizopasuliwa, zikafumwa na kupakwa udongo pande zote mbili, hukata sehemu kubwa ya mionzi. Mikeka mikuukuu ni afadhali kuliko kukosa kitu. Kama fedha haitoshi kwa nyumba nzima, anza na vyumba vya kulala. Nyasi kuukuu zisiachwe chini ya bati: panya watahamia humo, na moto ukiingia hauonekani hadi umeshinda.

Juu, paka rangi nyeupe ya maji. Bati jipya liache lipigwe na mvua na jua kwa miezi michache, la sivyo rangi itabanduka. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua angani. Bati lenye kutu hulimeza, kwa hiyo hata paa la zamani lililokwisha kuwa jekundu hupoa likipakwa, mradi halijatoboka.

Mwisho, lifunge. Nyasi zilizolowa ni nzito na hujikalia zenyewe. Mabati ni mepesi, na dhoruba za mwanzo wa mvua huyang'oa na mbao zake. Waya au chuma kilichozikwa matofali kadhaa chini ya ukingo wa ukuta ndicho kinachoshika kenchi. Msumari upigwe kwenye mgongo wa wimbi, kamwe usipigwe bondeni panapopita maji.

Uamuzi

Ikiwa mbao ni nzima na uozo ni wa juu juu, tengeneza nyasi na uweke akiba. Ikiwa mbao zimekwisha na fedha inatosha mabati pamoja na dari ya vyumba vya kulala, badili kiangazi hiki, kabla ya Septemba. Ikiwa mbao zimekwisha lakini fedha inatosha mabati peke yake, ezeka nyasi mara moja zaidi juu ya mbao mpya, imara, zilizopangwa kwa vipimo vya bati. Mbao hizo zitakungoja. Na jiko lililo nje ya nyumba liachie nyasi zake: moshi wa kila siku hufukuza wadudu, na paa la jikoni hudumu kuliko la nyumba.