HERUFI MBILI, MAANA NYINGI

Herufi A na M twaziona pamoja kila siku: katika ratiba ya mitihani, katika tikiti ya safari, na juu ya uso wa redio. Ukiuliza maana yake utaambiwa, "Ni asubuhi." Jibu hilo ni kweli nusu tu.

Katika saa, AM ni kifupi cha maneno ya Kilatini, ante meridiem, yaani kabla ya jua kufika utosini. PM ni post meridiem, baada ya utosi. Basi AM hushika tangu saa sita ya usiku mpaka saa sita ya mchana.

Katika redio, AM ni namna ya kuchukua sauti hewani. Wimbi hubebeshwa sauti kwa kuongezwa na kupunguzwa nguvu zake. Umeme wa radi nao hugusa nguvu hizo, ndiyo sababu redio ya AM hukwaruza wakati wa mvua. Katika FM, ambayo Edwin Armstrong wa Marekani aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1933, nguvu hazibadilishwi. Hubadilishwa wingi wa mitikisiko ya wimbi kila sekunde.

Katika kemia, Am yenye m ndogo ni ameriki, elementi ya 95, iliyovumbuliwa mwaka 1944 na Glenn Seaborg na wenzake mjini Chicago.

Hata wacheza muziki wamezitumia. Televisheni ya MTV ya Marekani, iliyoanza tarehe 1 Agosti 1981, ilianzisha mwaka 2009 kipindi cha asubuhi cha video za muziki, kikaitwa AMTV. Hapo AM ya asubuhi imeungana na MTV, na M moja ikafanya kazi mbili.

Tutajuaje basi ipi ni ipi? Tazama jirani yake. Ikifuata tarakimu za saa, ni wakati. Ikiwa karibu na namba za mawimbi, ni redio. Ikiwa katika orodha ya elementi, ni ameriki.

Katika hizo zote, yenye hatari kwetu ni ile ya saa. Hapa Uganda, kama kwa jirani zetu wa Kenya na Tanzania, twahesabu saa tangu kucha, nasi tumepishana na hesabu ya Kizungu kwa saa sita. Mtihani ulioandikwa 8:00 AM huanza saa mbili ya asubuhi. Mwanafunzi aisomaye ile 8 kuwa saa nane atafika mchana, na wenzake wamekwisha kutoka. Kazi ya miaka minne yaweza kupotea hivyo.

Nanyi wazee wa shule msafirio kwa ndege, jihadharini na 12:30 AM. Tikiti ikisema Jumanne, 12:30 AM, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku ule unaofuata Jumatatu. Angojaye usiku wa Jumanne atakuta ndege imeondoka jana yake.

Dawa yake ni nyepesi. Andika kando ya tarakimu saa yetu kwa maneno: asubuhi, mchana au usiku. Ukiwa na shaka, muulize mwalimu au karani. Kuuliza si ujinga.